Kabla ununue gari, ingiza baiskeli kwanza

Nasema hivi na sirudi nyuma: kama kwenu kuna baiskeli, usinunue gari yoyote ya familia kabla hamjaingiza baiskeli zenu ndani. Sisemi mkadirie kwa macho. Sisemi mumuulize broka, maana broka atakwambia hata ng'ombe anaingia. Nasema mbebe baiskeli hadi yadi, mfungue mlango wa nyuma, mlaze siti, na mjaribu kuingiza kwa mikono yenu wenyewe watu wakiangalia.

Watacheka. Wacha wacheke. Wao si ndio watabaki na gari.

Kwa wenye ni wageni hapa: mimi ni kijana wa Kivaa, Masinga, kaunti ya Machakos. Naendesha baiskeli, narekodi video, naandika vitu kama hivi. Kampasi niliacha mwaka wa pili karo iliposhinda nguvu za nyumbani, na kuna wasee hunikumbusha kila nikitoa maoni. "Wewe hata hukumaliza shule, utatufunza gari?" Sawa. Lakini tepu ya kupimia haiulizi digrii. Ukipima buti iko sentimita themanini, ni themanini hata kwa profesa.

Leo naongea juu ya hachibeki, zile gari fupi ambazo mlango wa nyuma unafunguka juu pamoja na kioo. Fit, Demio, Note, Vitz, familia hiyo. Naongea juu yazo kwa sababu ndizo familia nyingi za kawaida zinaweza kununua bila kuuza shamba, na kwa sababu nimetembea yadi za Nairobi wikendi tatu mfululizo na dada yangu mkubwa na shemeji tukitafuta moja.

Acha niwape hali yao kwanza, maana ushauri wa gari bila hali ya mtu ni kelele tu.

Wanaishi Utawala. Watoto wawili: kijana wa miaka 12 mwenye baiskeli ya inchi 24, na msichana wa miaka 7 mwenye ile ndogo ya inchi 16. Shemeji ana baiskeli ya milima ya inchi 27.5. Kwa hivyo ni watu wanne na baiskeli tatu. Pesa waliyokuwa nayo ni laki nane na nusu, akiba ya chama ya miaka sita. Miaka sita, wasee. Hiyo si pesa ya kujaribia.

Na baiskeli ya huyo kijana imekaa imening'inia kwa balkoni tangu aletewe. Mahali wanaishi hakuna pa kuendesha. Barabara ni ya matatu, pembeni ni ya boda, na sehemu iliyobaki ni mtaro. Anaendesha wakija Kivaa kwa susu, na hapo pia ni shida: konda wa matatu anaitisha nauli ya baiskeli karibu sawa na ya mtu, anaifunga juu kwa kamba ya sisali, na inafika breki imepinda. Mara mbili za mwisho walikuja bila baiskeli. Mara ya mwisho kijana alikaa siku nne kwa simu, ndani ya nyumba, nje kukiwa na barabara tupu ya murram na bwawa kwa mbali. Mimi hiyo iliniuma kuliko mambo ya karo.

Kwa hivyo gari hii kwao ilikuwa na kazi ya kueleweka: kutoa watoto Utawala na kuwafikisha mahali wanaweza kuwa watoto, na baiskeli zao.

Sasa tubishane na shemeji

Shemeji alitaka gari kubwa. Simlaumu. Ukienda matanga Ukambani na gari ndogo kuna mjomba atakuangalia kuanzia tairi hadi paa, halafu akuulize, "Hii ndiyo ulituambia unatafuta?" Gari kwetu ni kama suti. Watu wanataka kuonekana wamefika.

Hoja yake ilikuwa hivi: Harrier au X-Trail inabeba baiskeli bila shida, iko juu, barabara ya kwetu haitaigusa tumbo. Na enyewe ni ukweli. Gari iliyoinuka ina buti pana na inapita mahali hachibeki inakwaruza. Siwezi kukataa hiyo.

Lakini angalia pesa. Kwa laki nane na nusu una njia mbili za kupata gari kubwa. Njia ya kwanza ni kununua kuukuu sana. Ile Harrier ya injini ya 2400 ni ya zamani, na kwa pesa hiyo utapata iliyopitia mikono mitatu, minne. Pesa ileile inayokupa gari kubwa iliyochoka inakupa gari ndogo iliyo na uhai. Njia ya pili ni mkopo: unaongeza laki sita, saba, na logibuku inakaa na jina la benki kando ya lako hadi umalize.

Niliwauliza swali moja tu: huo mkopo mtalipa na pesa gani? Dada akanyamaza. Shemeji akaangalia dari. Ni karo. Katika familia zetu pesa ya ziada haina jina lingine. Kijana anaenda sekondari karibuni. Mimi najua nyumba inavyokuwa karo ikikosa, najua kimya cha hiyo meza, na sikutaka huyo kijana akijue kwa sababu ya gari ya kupeleka matanga.

Halafu injini ya 2400 inakunywa. Nairobi hadi Kivaa ni zaidi ya kilomita mia moja: unapita Thika, unapita Matuu, unafika Kangonde, unakata kushoto barabara ya kwenda Embu. Kama kila safari inakuuma mfukoni, utapunguza safari. Ukipunguza safari, baiskeli inarudi balkoni. Umenunua gari ya kubeba baiskeli ambayo haibebi baiskeli kwa sababu haitoki nyumbani.

Hapo shemeji alikubali tuangalie hachibeki. Kwa shingo upande, lakini alikubali.

Tulichojaribu

Hesabu ya baiskeli kwanza. Baiskeli ya mtu mzima ikiwa na magurudumu yote mawili ina urefu wa karibu mita moja na sentimita sabini au themanini. Hakuna hachibeki ndogo itabeba hiyo bila kumeza karibu siti zote. Ukitoa gurudumu la mbele inabaki karibu mita moja na nusu, na hapo mazungumzo yanaanza. Baiskeli nyingi za kisasa za milima zinatoa gurudumu kwa klipu, bila spana. Black Mamba haina huruma hiyo: ni nati, kwa hivyo weka spana ndani ya gari na isitoke.

Pima vitu vitatu kwa gari. Kimo cha mdomo wa buti, upana wake pale chini panapobana, na urefu kutoka mlango wa nyuma hadi mgongo wa siti ya mbele, huyo siti akiwa amerudishwa kama vile dereva wenu hukaa kweli. Hii ya mwisho watu husahau. Broka anasukuma siti ya mbele hadi kwa dashibodi ndio baiskeli iingie, halafu baba mwenye nyumba ana futi sita.

Vitz: gari poa, spea kila kona, fundi yeyote anaijua. Lakini ni fupi. Baiskeli moja ya mtu mzima iliingia imelala baada ya kulaza siti zote za nyuma. Maana yake watoto wapande matatu.

Demio: inaendeshwa vizuri na ina sura. Kioo cha nyuma kimeinama sana, kwa hivyo usukani wa baiskeli uligusa kioo kabla mlango haujafunga. Kama uko peke yako au mko wawili, chukua. Familia yenye baiskeli, hapana.

Note: nafasi ya miguu nyuma ni kubwa kushangaza, watoto walifurahi. Siti zikilala zinaacha kidaraja, baiskeli inakaa imeinama kama mtu amelala kwa ngazi. Inawezekana. Si mbaya. Ila uliza sana kuhusu giaboksi, nitafika hapo.

Fit: hapa ndipo akili ya mtu ilitumika. Magari mengi yana tangi la mafuta chini ya siti ya nyuma. Honda waliliweka chini ya siti za mbele. Kwa hivyo nyuma sakafu iko chini kabisa, na siti za nyuma zinafanya vitu viwili: zinalala tambarare, au sehemu ya kukalia inainuliwa juu kama kiti cha sinema na kuacha nafasi wazi kutoka sakafu hadi paa. Baiskeli ya kijana, bila gurudumu la mbele, ilisimama hapo wima nyuma ya siti za mbele. Imesimama, wasee! Kijana alipiga makofi.

Ya shemeji iligoma. Ni ndefu, mlango ukakataa kufunga. Na hata ya kijana ikisimama hivyo, hakuna siti ya mtoto. Hiyo picha ya baiskeli imesimama inayosambaa mtandaoni ni nzuri, lakini ni ya mtu asiye na watoto.

Kilichotufaa ni kitu kingine. Siti ya nyuma imegawanywa sehemu mbili, kubwa na ndogo. Ukilaza ile ndogo peke yake, unabaki na nafasi ya watoto wawili upande mkubwa. Baiskeli ya kijana ikaingia upande mdogo kutoka nyuma, bila gurudumu, kiti kimeshushwa, usukani umegeuzwa. Ya msichana ikakaa kwa buti nyuma ya siti kubwa. Watu wanne, baiskeli mbili ndani, milango yote imefunga. Ile ya tatu, ya baba, ni ya nje. Na ni haki. Mwenye nguvu ya kuipandisha juu ya paa ndiye mwenyewe.

Kama mnatafuta zaidi ya hizo, kuna Fit Shuttle, ambayo ni Fit iliyorefushwa nyuma, na kuna Ractis, fupi lakini ina kimo na siti zinalala chini vizuri. Fielder si hachibeki kamili ila ina mlango wa tano na urefu. Ukiipata kwa bei yako, na haijawahi kuwa teksi, usipite kando.

"Si mchukue tu Probox"

Najua mko hapo mnasubiri kuniambia. Na kama kazi ingekuwa baiskeli peke yake, ningesema Probox na nilale. Mlango wa nyuma ni wa mraba, sakafu ni tambarare, springi za nyuma zinavumilia mzigo. Black Mamba inaingia.

Lakini kaa nyuma ya Probox kutoka Nairobi hadi Kivaa halafu uniambie. Kile kiti kimesimama wima kama benchi la kanisa. Ni gari ya mzigo iliyokubali watu kwa heshima tu. Tena barabara za huku Probox imejulikana kwa kubeba abiria na miraa, kwa hivyo dada yangu na watoto wake wangesimamishwa kila kizuizi waulizwe wamebeba nini. Na nyingi zilizo sokoni zimefanya hizo kazi. Zimelala barabarani, zimebeba kumi na moja mahali pa watano. Ukipata ambayo ilikuwa ya mwalimu mstaafu, sawa. Nipigie hata mimi nije nione.

Baiskeli ya nje

Kuna njia tatu za kubeba nje na kila moja ina shida yake.

Ya juu ya paa, kwenye keria, inaacha buti wazi. Na nyinyi mnajua safari ya kurudi kutoka Ukambani: gunia la ndengu, maembe msimu ukifika, kuku mmoja ambaye hakuwa kwa mpango. Buti ni mali. Lakini angalia kama paa lina mahali pa kushikilia keria, na soma kwa kitabu cha gari paa linabeba kilo ngapi, pamoja na keria yenyewe. Na ukiingia maegesho ya chini ya jengo, kumbuka kuna baiskeli juu. Ile nondo ya kimo haina macho.

Ya kufunga kwa mikanda kwenye mlango wa nyuma ni ya bei nafuu, na mimi siipendi kwa hachibeki. Gari nyingi za Japani zina kibawa cha plastiki juu ya kioo cha nyuma, na mikanda inakibonyeza. Murram ya kilomita kumi inatosha kukilegeza.

Ya tatu ni ya kushika kwa chuma cha kuvutia trela. Ni imara, lakini gari hizi huja bila hicho chuma, kwa hivyo itabidi fundi akitengeneze. Hapo usiangalie rangi. Lala chini uangalie kimefungwa wapi. Kama kimeshikwa kwa bampa tu, ondoka.

Na zile mbili za nyuma zina shida moja pamoja: zikifunika namba ya gari na taa, askari ana haki ya kukusimamisha, na lori lililo nyuma yako usiku halijui kama umeshika breki. Askari ni faini. Lori ni kitu kingine.

Za ndani nazo zifungwe. Baiskeli isiyofungwa, breki ya ghafla ikishikwa, inakuja mbele, na mbele yake kuna kichwa cha mtu. Mikanda miwili ya mzigo, blanketi kuukuu upande wa cheni, mmemaliza.

Ikiwa imetumika, ina hadithi

Mambo ya baiskeli yakishakubali, ndio sasa unakagua gari kama gari.

Namba ya usajili haikwambii umri. Namba za KD zilianza 2020, lakini sheria yetu inaruhusu gari iliyotumika kuingia ikiwa haijazidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza huko ilikotoka. Kwa hivyo gari ya namba za KDA inaweza kuwa ya 2013. Broka anauza herufi, wewe nunua mwaka wa kutengenezwa. Angalia logibuku, halafu angalia hata lebo za mikanda ya usalama. Huwa na tarehe.

Kilomita kwa dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Mpira wa pedali ya breki haurudishwi. Kama dashibodi inasema elfu sitini na pedali imelika hadi chuma, amini pedali. Angalia pia ngozi ya usukani na ukingo wa siti ya dereva.

Giaboksi ya CVT, ambayo hachibeki nyingi za hivi karibuni zinayo, inataka mafuta yake maalum. Fundi akiweka mafuta ya giaboksi ya kawaida, ni suala la muda tu. Mwombe muuzaji akuachie gari uipeleke mlima, ikiwa imeshapata moto. Ikitetemeka ukianza kuondoka, au injini ikipiga kelele na gari haiendi, mwambie asante.

Fit za hibridi ni tamu kwa mafuta, lakini betri iko chini ya sakafu ya buti, kwa hivyo sakafu iko juu kidogo na ile nafasi uliyokuja kutafuta inapungua. Pia zile za kwanza za hibridi za kizazi kilichoanza 2013 ziliitwa kurekebishwa mara kadhaa huko Japani kwa ajili ya giaboksi. Kwa familia hii tulichukua ya petroli ya kawaida, ya 1300.

Fungua sakafu ya buti uone kama kuna gurudumu la spea. Hachibeki nyingi za miaka ya karibuni hazina, zimewekewa chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi inaziba tundu la msumari. Haizibi tairi iliyopasuka ubavu kwa jiwe saa mbili usiku kati ya Kangonde na Kivaa.

Usiniambie utainua gari kwa speisa ndio iwe kama gari kubwa. Kidogo, kwa fundi anayejua, sawa. Ukizidisha unaumiza miguu ya gari na unaifanya iyumbe ikiwa na mzigo juu ya paa. Gari fupi itabaki fupi. Iendeshe kama fupi.

Na logibuku: thibitisha kwa mfumo wa NTSA kwenye eCitizen kwamba anayekuuzia ndiye mwenye gari, na hakuna benki imekaa hapo kimya. Pesa isitoke kabla ya hapo. Hata kama muuzaji ni mtu wa kanisa lenu. Hasa kama ni mtu wa kanisa lenu, maana hapo ndipo watu huona aibu kuuliza.

Kuna yadi moja tulikatazwa kuingia na baiskeli. Jamaa akasema tutachafua siti. Nikamuuliza kama siti za gari ya familia zikichafuka na baiskeli ya mtoto leo, kesho zitakuwa aje. Tukaondoka. Muuzaji anayeogopa gari yake ijaribiwe kazi yake amekuokolea muda.

Kwa nini naifanya kuwa kitu kikubwa

Maana nimeona kinachofanyika. Familia inanunua gari, na baiskeli inakufa. Kwanza inawekwa kando kwa sababu haiingii. Halafu tairi inaisha upepo. Halafu inapewa mlinzi. Mtoto anajifunza kwamba baiskeli ni kitu cha kabla mpate pesa, kitu cha watu bado hawajafika.

Huku Kivaa baiskeli ni maji, ni unga, ni kwenda shule. Mtungi wa lita ishirini kila upande na mmoja juu, mtu anasukuma kilima jua la saa saba. Huyo mtu ukimpita kwa gari, kuna madereva wa aina mbili. Kuna anayempigia honi atoke lami. Na kuna anayepunguza mwendo na kumwachia nafasi, kwa sababu ndani ya gari yake kuna baiskeli na anajua vile upepo wa gari hukuyumbisha. Mimi nimeendesha kando ya ile barabara ya Garissa na malori yakinipita, nawajua wote wawili. Nataka wa pili waongezeke. Njia moja ya kuwaongeza ni familia za gari kutoacha baiskeli.

Na kuna ndoto pia, tusiikatae. David Kinjah, kule Kikuyu, alichukua vijana wa mtaani na baiskeli kuukuu akawafundisha. Mmoja aliyepita mikononi mwake, Chris Froome, alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Sisemi mpwa wangu ni Froome. Huyo hata kilima cha kwa susu hushuka akasukuma. Nasema hakuna mtu amewahi kuwa mwendeshaji kwa balkoni.

Walinunua Fit ya 2013, ikabaki pesa ya bima, ya kubadilisha mafuta yote na ya keria. Hakuna benki kwa logibuku. Mjomba wa matanga ameshaiona na ameshasema alichotaka kusema, na akaomba lifti ya kwenda Masinga siku hiyohiyo.

Walipokuja Kivaa mara ya kwanza nayo, pale lami inapoishia ile njia ya kwa susu ina mawe, na gari ikiwa imejaa ilikuwa inagusa chini. Shemeji akasimama. Akashusha baiskeli, akarudisha magurudumu, akawaambia watoto waende mbele. Gari ikapata wepesi, ikapita bila kukwaruza, dada akiendesha polepole nyuma yao na shemeji akiwafuata na yake.

Susu alikuwa ameketi nje. Akaona kwanza watoto wanakuja na vumbi, halafu gari nyuma yao. Akauliza, "Kwani hamkuja na gari?"

Kwa hivyo mwezi huu kama kuna mtu kwenu anaongea mambo ya kununua gari, mpelekee hii. Halafu pima baiskeli ya nyumbani, andika urefu wake bila gurudumu la mbele, na umpe hiyo namba aende nayo. Akiweza, aende na baiskeli yenyewe.